Tamko Kuhusu Maswali ya Faragha Wanayoulizwa Wanariadha Wanapotafuta Kazi

Sisi, wanariadha na wachezaji tulioungana katika chama kimoja hapa Nakuru, wenye wanachama kuanzia Keringet, Molo na Njoro hadi Gilgil, Naivasha, Nyahururu, Mogotio na Eldama Ravine, tunatoa tamko hili kwa wote wanaotuajiri: idara za usalama, mashirika ya umma na benki zenye timu, vilabu vya soka, raga na voliboli, mameneja wa mbio, makocha wa vyuo vya ng'ambo wanaokuja kusaka vipaji, na kampuni zinazotoa viatu na mikataba. Tunawaelekea pia wazazi wetu, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huketi kando yetu maswali yanapoulizwa, wakainamisha vichwa kwa haya.

Malalamiko yetu si magumu kueleza. Kijana anapotafuta kazi ya kukimbia au kucheza, huulizwa mambo ambayo hayana uhusiano wowote na kazi hiyo. Wasichana huulizwa kama wana bwana, kama wamewahi kutoa mimba, wanapanga kuzaa lini, na siku zao za mwezi huja tarehe ngapi. Wavulana huulizwa kama kweli wanapenda wasichana. Wote huulizwa mama ni wa kabila gani, shamba la baba ni ekari ngapi na hati imeandikwa jina la nani, nani nyumbani anaumwa na anaumwa nini. Muulizaji huwa na kalamu au simu mkononi, na majibu hubaki naye. Yanakohifadhiwa na anayeyasoma baadaye, mwanachama wetu haambiwi.

Msimamo wetu ni kwamba swali ambalo jibu lake halibadilishi namna mtu atakavyokimbia, atakavyocheza au atakavyotimiza mkataba wake halina nafasi katika mahojiano ya kazi, na mwanariadha anayekataa kulijibu asinyimwe kazi kwa sababu hiyo.

Mtu asiyeijua kazi yetu akisikia neno mahojiano hufikiria ofisi, meza na watu watatu waliofunga tai. Kwa polisi, jeshi na benki mambo huenda hivyo, angalau siku ya mwisho. Lakini wengi wetu tulihojiwa bila kujua kwamba tunahojiwa. Ni baada ya mbio za nyika, jasho halijakauka, meneja anakuita kando ya gari lake. Ni nje ya uwanja wa Afraha baada ya mechi. Ni hotelini Naivasha ulikoalikwa chai. Ni ujumbe wa WhatsApp unaoingia saa nne usiku ukiuliza, "Uko peke yako?" Siku chache baadaye orodha ya kambi inatoka, jina lako halimo, na hapo ndipo unapong'amua kwamba yale yalikuwa mahojiano na kwamba kuna jibu halikumpendeza mtu. Kwa hiyo katika tamko hili, mahojiano ni mazungumzo yoyote ambayo matokeo yake ni mtu kupata au kukosa kazi, yafanyike ofisini, garini au kwa simu.

Na tunasema kazi makusudi, kwa sababu wapo viongozi ambao hadi leo huzungumza kana kwamba tunafadhiliwa. Mkimbiaji Paul Tergat wa Baringo alijiunga na jeshi la angani akiwa kijana, na akakimbia akiwa mwanajeshi. Ulinzi Stars, ambao kwa miaka mingi mashabiki wa Nakuru waliwashangilia Afraha kama timu ya nyumbani, walitwaa ligi kuu mwaka wa 2003, 2004, 2005 na 2010 wakiwa kikosi cha wanajeshi. Mchezaji wao alikuwa mfanyakazi mwenye nambari ya utumishi na malipo ya uzeeni. Kutoka Nyahururu, wakimbiaji Eric Wainaina na baadaye Samuel Wanjiru walikwenda Japani. Wanjiru alikwenda mwaka wa 2002 akiwa mwanafunzi wa shule ya upili, kisha akaingia timu ya kampuni ya Toyota Kyushu kabla ya kushinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka wa 2008. Njia hiyo ya Japani bado iko wazi, na vijana wa Nyahururu wanaifuata. Wanaondoka kwenda kuajiriwa na kampuni, si kutalii.

Kwa bahati, Japani yenyewe inatupa funzo. Wizara ya kazi ya huko imewaelekeza waajiri kwa miaka mingi wasimuulize anayetafuta kazi alikozaliwa, kazi ya baba yake, mali ya familia, dini, wala maisha ya nyumbani kwao, kwa sababu mambo hayo hayapimi uwezo wake na yametumika kubagua watu wa koo fulani. Kijana wa Tokyo anayeomba kazi kampuni ileile analindwa asiulizwe. Haieleweki kwa nini kijana wa Nyahururu, anayehojiwa na wakala wa kampuni hiyo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yao, aulizwe yote hayo na zaidi.

Tuanze na uzazi, maana ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo ambalo anayeuliza huamini ana haki nalo. Hoja yake huwa ya hesabu: nikikuajiri leo ukashika mimba mwakani, nitakuwa nimepoteza pesa. Hesabu hiyo inakosea hata kabla hatujafika kwenye sheria. Faith Kipyegon, aliyelelewa Keringet humu humu katika kaunti yetu, alijifungua mtoto wake mwezi Juni 2018. Mwaka uliofuata alipata nishani ya fedha katika mashindano ya dunia ya Doha. Mwaka wa 2021 akatwaa dhahabu Tokyo, mwaka wa 2024 akaitwaa tena Paris, na kwa kuongeza ile ya Rio ya 2016 akawa mwanariadha wa kwanza kushinda mita 1,500 mara tatu katika Olimpiki. Mwaka wa 2023 alivunja rekodi za dunia za mita 1,500, mita 5,000 na maili moja ndani ya miezi miwili. Mary Keitany wa Baringo alikuwa tayari na watoto wawili aliposhinda marathoni ya New York mwaka wa 2014, akarudi akashinda tena 2015, 2016 na 2018. Katikati ya ushindi huo, mwaka wa 2017, alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:17:01, iliyokuwa rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee wakati huo. Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka wa 2013, akashinda mita 5,000 mjini Rio miaka mitatu baadaye. Hellen Obiri alikuwa mama kabla ya kushinda marathoni ya Boston mara mbili mfululizo, 2023 na 2024.

Meneja ambaye angemkata mmoja wa hawa kwa jibu la "unapanga kuzaa lini" leo angekuwa anaeleza wenzake hasara aliyojitafutia. Lakini hatutaki haki yetu isimame juu ya nishani. Msichana wa Molo ambaye hatavunja rekodi yoyote, atakayekimbia nusu marathoni kwa muda wa kawaida na kulipa karo ya wadogo zake, naye asiulizwe.

Mambo haya yalizungumzwa waziwazi Marekani mwaka wa 2019, wakati wakimbiaji Alysia Montaño, Kara Goucher na Allyson Felix walipoeleza hadharani jinsi mikataba ya viatu ilivyowaadhibu wanariadha kwa kushika mimba. Mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ya viatu ya Nike ilibadilisha mikataba yake ili malipo yasikatwe kwa miezi 18 inayozunguka ujauzito na kujifungua. Wanariadha wetu huvaa viatu hivyohivyo. Mkataba wa mwanariadha wa hapa usiwe na kinga ndogo kuliko wa mwenzake wa California, na anayeuletea saini asianze kwa kuuliza habari za tumbo.

Hapa pana jambo linalotuudhi kuliko swali lenyewe, nalo ni swali kuulizwa mtu mwingine mwenyewe akiwa ameketi hapo hapo. Katika eneo letu wanawake wengi wanaokimbia hufundishwa na waume zao, au huolewa na waliokuwa wakiwafundisha. Meneja akifika, husalimiana na mume, huketi na mume, kisha humuuliza mume: atazaa tena? Siku zake zikoje? Anakusikiliza? Mke hutumwa kuleta chai. Mkataba unapokuja, akaunti inayoandikwa huwa ya mume. Waajiri wanaofanya hivi watasema wanaheshimu mila za watu. Tunawajibu kwamba wazee wetu hawakuwa na mila ya mgeni kuuliza habari za hedhi ya mke wa mtu. Anayeajiriwa ndiye ahojiwe, ndiye ajibu, ndiye aweke saini, na fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina lake.

Tunajua kuna watakaotuambia kwamba maswali kuhusu bwana huulizwa kwa nia njema, na hawa hatuwezi kuwapuuza. Tarehe 13 Oktoba 2021 mkimbiaji Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kukimbia kilomita 10 kwa dakika 30:01 nchini Ujerumani na kuweka rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo na akakana mashtaka. Mwezi Aprili 2022 mkimbiaji mwingine, Damaris Mutua, naye akauawa Iten. Mwezi Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Baada ya misiba hiyo, baadhi ya kambi zilianza kuwauliza wasichana habari za wapenzi wao kabla ya kuwapokea, na zikasema ni kwa usalama wao.

Usalama tunautaka kuliko mtu yeyote. Lakini tazama swali hilo linafanya kazi gani linapoulizwa mlangoni. Msichana anayepigwa nyumbani akisema ukweli, kambi inaogopa vurugu na inamkataa. Akisema uongo, anapokewa na siri yake inabaki palepale. Kwa vyovyote aliye hatarini ndiye anayeumia. Ulinzi wa kweli huanza baada ya mtu kupewa kazi: awepo afisa wa ustawi ambaye hana kura katika kuajiri na kufukuza, simu inayopokelewa usiku, chumba cha kulala kwa anayetoroka, na wakili. Afisa huyo anaweza kuuliza kwa upole, na msichana anaweza kukataa kujibu bila kupoteza nafasi. Kambi isiyo na afisa wa namna hiyo haiulizi kwa ajili ya ulinzi. Inajikinga yenyewe tu.

Kuhusu kabila tutasema kwa uwazi, maana hapa ni Nakuru. Kaunti hii imekaliwa na watu wa kila jamii ya Kenya, na imewahi kulipa gharama ya kuulizana majina. Watu wa Molo wanayakumbuka mapigano ya kikabila ya 1992, na mji wa Nakuru wenyewe unayakumbuka yale ya Januari 2008. Swali "kwenu hasa ni wapi?" akiulizwa kijana aliyezaliwa Njoro, akasoma Njoro na kukimbia Njoro, analielewa vizuri sana. Analielewa pia akiulizwa kwa njia ya kuzunguka: jina la babu, lugha anayoongea mama jikoni, kanisa gani, tohara lini na wapi. Tumesikia pia likiulizwa kwa upande wa pili, ambapo meneja wa kigeni anataka "Mkalenjin halisi" kwa kuwa amesoma mahali kwamba damu ndiyo inayokimbia, na msichana wa Kikuyu wa Nyahururu au mvulana wa Kiturkana aliyekulia Gilgil anarudishwa nyumbani na saa yake nzuri mfukoni. Wainaina na Wanjiru hawakuzaliwa Wakalenjin, na nishani zao za Olimpiki zinajulikana. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 imekataza ubaguzi wa kikabila katika ajira, na imeweka kwamba asasi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Timu za idara za serikali ni sehemu ya asasi hizo.

Tunakuja kwenye maswali ya chumbani. Hili si balaa la Kenya peke yake. Mwaka wa 2010 mchezaji kijana wa kandanda ya Kimarekani, Dez Bryant, aliulizwa na meneja mkuu wa Miami Dolphins kama mama yake alikuwa kahaba. Meneja huyo, Jeff Ireland, aliomba msamaha hadharani. Mwaka wa 2016 kocha mmoja wa Atlanta Falcons alimuuliza mchezaji Eli Apple kama anapenda wanaume, na timu ikaomba msamaha pia. Miaka miwili baadaye mchezaji mwingine, Derrius Guice, akaeleza kwamba ameulizwa vivyo hivyo. Misamaha ilikuja, maswali yakaendelea. Kilichobadilisha hali ni pesa: Januari 2022 ligi ya mchezo huo, NFL, iliziandikia timu zake kwamba timu itakayomdhalilisha mchezaji katika mahojiano itatozwa faini isiyopungua dola 150,000 na kunyang'anywa nafasi ya kuchagua mchezaji kati ya raundi ya kwanza na ya nne. Mwenye timu anayejua thamani ya nafasi hiyo husoma barua ya namna hiyo akiwa amesimama.

Kwetu swali hilo ni zito kuliko kwao. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo mwezi Mei 2019. Wanachama wetu wana imani na misimamo tofauti kuhusu sheria hiyo, na chama hakiwalazimishi kuwa na msimamo mmoja. Ila wote wanakubaliana kwamba anayemuuliza kijana wa miaka 19 swali hilo katika mahojiano anamtaka ama ajikane au ajitie hatiani mbele ya mtu asiye polisi wala hakimu. Hakuna timu ya raga inayohitaji jibu hilo ili kujua nani ataruka juu kudaka mpira wa kurushwa.

Sambamba na hilo ni wasichana wanaoambiwa sura zao, vifua vyao au sauti zao "zinatia shaka". Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 Shirikisho la Riadha Duniani linataka kila mwanamke anayeingia mashindano yake ya dunia apimwe mara moja jeni ya SRY, ile inayohusishwa na jinsia ya kiume. Kanuni hiyo ina wanaoiunga mkono na wanaoipinga. Lakini hata wanaoiunga mkono wanajua kwamba kipimo kina utaratibu, kina maabara, na matokeo yake ni siri. Hakijampa kocha wa kambi ya Keringet ruhusa ya kumvua msichana nguo kwa macho, wala ya kutangaza hukumu yake kwa wenzake wakati wa chakula.

Hatukatai kuulizwa. Tuulizwe umri, na tutoe cheti cha kuzaliwa cha kweli. Katika hili baadhi yetu ndio tuliolichafua jina la nchi. Tuulizwe majeraha ya goti na kano. Tuulizwe kuhusu adhabu za pufya, dawa tunazotumia na vibali vya matibabu. Wanariadha walio kwenye orodha ya upimaji hueleza kila siku watakapolala na saa moja watakayopatikana, alfajiri ya baridi kule Kuresoi au uwanja wa ndege Frankfurt, na tumekubali mzigo huo kwa sababu una sheria, ile ya Kupambana na Pufya ya 2016, una wakala wa taifa wa kuusimamia, na una mipaka ya nani aone taarifa zetu. Hii ndiyo tofauti tunayotaka waajiri waione. Anayetutaka tueleze tunakolala kwa ajili ya kipimo ametuonyesha kanuni inayomruhusu. Anayetutaka tueleze tunalala na nani hajatuonyesha chochote.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja wazi haki ya habari za familia yake au mambo yake binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo lazima. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ukiwemo ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya na asili ya kikabila. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamlinda aliyeajiriwa na anayetafuta kuajiriwa, na mwajiri akishtakiwa kwa ubaguzi ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ni kweli sheria hiyo inamruhusu mwajiri kuchagua kwa kuzingatia mahitaji ya msingi ya kazi yenyewe. Tutafurahi kumsikia mtu akimweleza jaji kwamba kabila la mama ni hitaji la msingi la kupiga smashi. Kumlazimisha mtu apimwe virusi vya UKIMWI ili apate kazi kumekatazwa tangu sheria ya 2006.

Mameneja wa mbio hupenda kusema kwamba wao si waajiri, kwamba mwanariadha anajitegemea na mkataba ni wa kibiashara. Tuseme ni hivyo. Haki za Katiba zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake. Tena ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo haijali kama wewe ni mwajiri au la, wala haijali kama ofisi yako iko Nakuru au Ulaya, mradi unakusanya habari za mtu aliye Kenya. Sheria hiyo imezihesabu kuwa nyeti habari za afya, asili ya kikabila, imani, hali ya ndoa, majina ya watoto, wazazi na wenzi wa ndoa, mwelekeo wa kimapenzi, na hata mali. Shamba la baba limo humo. Aliye chini ya miaka 18 habari zake hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo, na yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90; faini yaweza kufika shilingi milioni tano.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Kila anayeajiri wanariadha katika eneo hili aandike maswali yake kabla, na mwanariadha apewe nakala ayasome kwa lugha anayoielewa. Mahojiano yafanyike mchana, mahali pa wazi au ofisini, na watu wasiopungua wawili, mmoja wao awe mwanamke kama anayehojiwa ni mwanamke. Chumba cha hoteli si ofisi. Ujumbe wa simu usiku si mahojiano, na anayeutuma kwa msichana anayemtegemea kwa kazi ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 ina kifungu kinachowahusu watu wenye mamlaka. Habari za afya zichukuliwe na daktari baada ya kazi kutolewa, zibaki kwa daktari, na kocha aambiwe tu kama mtu yuko tayari kufanya mazoezi au la. Fomu za ambao hawakuajiriwa ziharibiwe, nao waarifiwe.

Kwa mashirikisho ya riadha, soka, raga na voliboli: andikeni kwenye masharti ya leseni zenu kwamba meneja, wakala au timu itakayovunja haya itafungiwa kusajili kwa msimu mmoja. Semina na mabango hatuyahitaji tena. NFL ilipogusa mfuko na usajili, timu zilisikia. Kwa Serikali ya Kaunti ya Nakuru, inayosimamia Afraha na kuruhusu mashindano mengi tunamosakwa: sharti hilo liwekwe kwenye kibali cha kila anayekuja kutafuta vipaji katika viwanja vya umma. Kwa makocha, ambao wengi wenu ni wanariadha wastaafu tuliokimbia pamoja: mliulizwa haya mkiwa vijana na mkaumia. Msiwaulize watoto wetu.

Kwa wazazi, tunajua njaa ya nyumbani na tunajua heshima mnayompa mgeni aliyekuja na gari. Bado mnaweza kumwambia, kwa adabu ileile, kwamba hilo halimhusu.

Na kwa wewe kijana unayeanza, ukiulizwa swali la namna hii muulize anayehoji, "Hilo linahusiana vipi na kazi?" Kama hana jibu, nawe huna haja ya kumpa lako. Andika siku hiyohiyo jina lake, mahali, saa na maneno aliyotumia, na usifute ujumbe wa simu hata kama unakuaibisha. Ulete kwetu. Chama kitakusindikiza kwa Kamishna wa Data na, ikibidi, hadi Mahakama ya Ajira na Leba hapa Nakuru, na hutatozwa chochote.

Limetolewa Nakuru na kamati kuu ya chama, kwa niaba ya wanachama wote.